AC ya gari inayopoza asubuhi na kugoma mchana: ujaze gesi, ulipie kipimo au ubadili kompresa?

Binti yangu ana pumu. Kwetu AC ya gari si mambo ya starehe. Ndiyo inayoniwezesha kufunga vioo pale Buguruni wakati lori la mbele linatema moshi mweusi na foleni haisogei. Mwaka jana, joto la Februari likiwa limepamba moto, AC hiyo ilianza vituko. Tukitoka nyumbani Tabata asubuhi inapoza hadi mtoto anajikunyata. Nusu saa baadaye inapuliza hewa ya vuguvugu. Jioni nikiwasha gari lililoshinda kivulini, inapoza tena kana kwamba haijawahi kuumwa.

Nilikwenda kwa fundi. Akafungua boneti, akaunga geji, akatazama kidogo, akasema: "Dada, gesi imepungua." Akajaza. Ikapoza, maana gari lilikuwa limesimama saa nzima likipoa. Wiki iliyofuata nikarudi, akajaza tena. Alipojaza mara ya tatu, AC ikawa inagoma mapema kuliko mwanzo. Hapo nikaanza kuuliza watu na kusoma, kwa sababu niliona wazi kwamba ninalipia dawa ya ugonjwa mwingine.

Ulinganisho huu ni kwa mtu aliyesimama pale niliposimama mimi. AC yake haijafa, ila haitabiriki, na pesa aliyonayo inatosha jambo moja tu kwa sasa.

Gesi haiishi kama petroli

Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi. Inazunguka tu. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto hadi inageuka kimiminika, valvu ya ekspansheni inaishusha presha ghafla, kisha ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, inachemka na kufyonza joto la hewa unayopuliziwa. R134a, ambayo ndiyo gesi ya magari mengi tunayoyaendesha, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa haijabanwa. Ndiyo maana inaweza kupoza hata Dar ya Januari. Ikitoka hapo inarudi kwenye kompresa, ile ile. Gari dogo hubeba gesi chini ya kilo moja, mara nyingi kati ya gramu 400 na 600, na kiasi chake kamili kimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini ya boneti.

Basi gesi ikipungua, imetoka mahali, na haitoki Jumatatu ikarudi Jumanne. Gari linalovuja hupoza vizuri mwezi huu, mwezi ujao kidogo chini ya hapo, kisha linashindwa jua la saa saba, kisha linashindwa hata usiku. Ni mteremko. AC inayopoza sawasawa, ikakata, ikarudi sawasawa siku hiyo hiyo, karibu kila mara ina tatizo la umeme, la upepo au la barafu. Kuijazia gesi ni kumpa mgonjwa wa macho dawa ya tumbo.

Geji nayo inapotosha wengi. Gari likiwa limezimwa na kupoa, presha ya R134a hufuata joto la hewa, haifuati wingi wa gesi. Kwenye nyuzi 30 itasoma karibu psi 97, iwe ndani kuna gramu 200 au 500, mradi kuna gesi iliyobaki katika hali ya kimiminika. Geji ikisoma sifuri au kumi, hapo kweli mfumo ni mtupu. Lakini fundi anayekutajia kiasi cha gesi kwa kutazama geji ya gari lililozimwa anakisia.

Inagoma lini?

Kabla ya kulipa chochote, kwa siku tatu angalia AC inagoma gari likiwa katika hali gani. Hapa ndipo magonjwa yanapoachana.

Anza na foleni. Kama inapoza ukiwa mwendoni na kupuliza joto ukisimama, mtuhumiwa wa kwanza ni feni ya mbele au kondensa iliyoziba vumbi. Barabarani upepo hupita kwenye kondensa bure. Ukisimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Feni ikiwa imekufa au inazunguka kwa uvivu, joto halina pa kutokea, presha inapanda, na kwenye magari mengi ya Kijapani swichi ya presha hukata kompresa ikikaribia psi 450. Kipimo chake ni ndoo ya maji. Gari likiwa limesimama linaunguruma na AC inapuliza joto, mwagia kondensa maji taratibu kupitia grili ya mbele. Hewa ya ndani ikianza kupoa ndani ya dakika moja, gesi unayo na kompresa yako inafanya kazi. Kinachokosekana ni upepo. Fundi akikuambia ubadili kompresa baada ya kipimo hicho kufaulu, funga boneti uondoke.

Kuna hali mbili zinazofanana sana, na mimi mwenyewe nilizichanganya. Zote hupoza vizuri mwanzoni na kugoma baada ya nusu saa hivi. Zitenganishe kwa kuweka mkono kwenye tundu la hewa.

Kama upepo wenyewe umepungua, yaani unasikia feni ya ndani ikiunguruma lakini hewa inatoka kwa shida, evaporeta imeganda barafu. Zima AC, acha feni ya ndani izunguke dakika kumi, upepo utarudi na maji mengi yatadondoka chini ya gari. Hapo chanzo ni filta ya hewa ya ndani iliyoziba, au sensa ya evaporeta inayoshindwa kuiambia kompresa ipumzike. Kwenye Toyota nyingi filta hiyo iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria na inatoka bila spana. Kwa jirani yangu tuliitoa imejaa majani ya mwarobaini na vumbi lililoshikana kama blanketi. AC ilipona kwa bei ya filta.

Kama upepo ni ule ule wenye nguvu ila umekuwa wa joto, tatizo liko kwenye kompresa au umeme unaoiwasha. Hapo ndipo lilipokuwa gari langu.

Rafiki yangu alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye ameshinda maisha yake yote kwenye AC za magari. Hakugusa geji. Alisema, "Mama, liache liungurume mpaka ligome lenyewe, sisi tunywe chai." Lilikaa kama dakika 35, likagoma. Akaniita niangalie. Mbele ya kompresa kuna puli inayozungushwa na mkanda muda wote, na mbele ya puli kuna sahani ya klachi. Ukiwasha AC, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya puli, inageuka sumaku, inaivuta sahani, unasikia "ta!", na sahani inazunguka pamoja na puli. Yangu ilikuwa imesimama tuli huku puli ikizunguka nyuma yake. Mzee akachukua mpini wa mbao wa nyundo, akaisukuma sahani kidogo tu kuelekea kwenye puli. Ta! Ikashika. Nikaingia ndani, hewa baridi. (Usijaribu hilo mwenyewe, mkanda unaozunguka hauna huruma na vidole.)

Akapima umeme uliokuwa ukifika kwenye plagi ya koili, akasema volti zilikuwepo, kwa hiyo relei, ile swichi ndogo inayoipa koili umeme, haina kosa. Kisha akazima injini, akatumia fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, kati ya sahani na puli. Nafasi ilikuwa milimita 0.9. Klachi nyingi zinataka kati ya 0.3 na 0.6. Kadiri sahani inavyolika, nafasi inapanuka. Na koili ikipata moto wa injini, waya wake unakuwa na ukinzani zaidi, sumaku inapungua nguvu, haiwezi tena kuivuta sahani kutoka mbali. Gari likipoa, sumaku inapata nguvu, AC inarudi. Vituko vyote vya mwezi mzima vilikaa kwenye nafasi isiyofika unene wa kadi ya benki mbili.

Alifungua boliti moja ya katikati, akatoa sahani, na nyuma yake akatoa washa moja nyembamba kuliko ukucha. Akafunga, akapima: 0.4. Halafu akaitoa gesi yote kwa mashine na kuipima kwenye mizani. Stika ya gari langu inasema gramu 450. Zilitoka 710. Hapo nikaelewa kwa nini kujaza mara ya tatu kuliharibu zaidi: gesi ikizidi presha inapanda, kompresa inakuwa nzito kuzungushwa, na klachi dhaifu inashindwa mapema. Bei ya gesi nilizojaza mara tatu ilikuwa imezidi bei ya kazi yote ya mzee.

Kama kipimo kama hicho kingeonyesha umeme haufiki kwenye koili, basi unarudi nyuma: fyuzi, relei, swichi ya presha. Relei ya AC mara nyingi inafanana kabisa na ya honi. Ukibadilishana nazo na AC ikatulia, umepata jibu bila kununua kitu. Hakikisha tu namba zilizoandikwa juu yake ni zile zile.

Zimebaki hali nyingine ambazo sitakaa nazo sana. Ikikata unapopanda mlima mrefu kama Kitonga huku geji ya joto la injini ikipanda, tatizo ni la kupoza injini; kompyuta ya gari inakata AC makusudi ili kuiokoa. Shughulikia rejeta kwanza, na usiahirishe. Ikipoza upande mmoja na mwingine joto, ni kile kifuniko cha ndani kinachochanganya hewa ya baridi na ya hita, ingawa gesi pungufu nayo inaweza kuanza hivyo. Na kama ni ule mteremko wa miezi nilioueleza, sasa ndiyo tunazungumza gesi.

Pesa ya kwanza: gesi au kipimo?

Kujaza gesi kuna sifa moja ya kweli: unaondoka na baridi siku hiyo. Kwa gari ambalo halijaguswa miaka minne au mitano na limepungua taratibu, kujaza kunaweza kuwa jibu halali, kwa sababu mabomba ya mpira na oringi, zile pete za kuziba maungio, hupitisha gesi kidogo kidogo hata zikiwa nzima. Ila ijazwe kwa kipimo cha mizani, si kwa kuangalia bomba likitoka jasho.

Ubaya wake ni mwingi. Kujaza juu ya iliyopo hakuna anayejua imefika gramu ngapi. Kama mfumo ulikuwa mtupu na fundi hajavuta vakyumu, yaani hajanyonya hewa yote kwa pampu, hewa na unyevu vimebaki ndani; hewa inapandisha presha, unyevu unaganda kwenye valvu ya ekspansheni na kuzaa asidi ndani ya oili. Tena gesi inayovuja hutoka na oili, na kompresa inayozunguka bila oili ya kutosha inajila yenyewe. Kujaza kila baada ya miezi mitatu ni njia ya uhakika ya kufika kwenye kununua kompresa.

Kulipia kipimo kuna ubaya mmoja: unaweza kutoa pesa ukaondoka gari bado lina joto. Najua inavyouma, na najua mafundi wengi hawana hata bei ya kazi hiyo, kwa kuwa wamezoea kwamba mteja analipia kitu anachokiona. Hata hivyo hii ndiyo ningechagua, na ningemwambia fundi wazi tangu mwanzo: "Nakulipa muda wako uniambie lina nini, hata usipofungua nati moja."

Mwombe namba nne, gari likiwa limegoma, si likiwa zima: presha ya upande wa chini, presha ya upande wa juu, joto la hewa inayotoka kwenye tundu la katikati, na volti kwenye plagi ya koili. Kwenye hewa ya nyuzi 30 hadi 32, gari lenye afya lenye R134a litaonyesha chini kama psi 25 hadi 40 na juu kama 180 hadi 250, na tundu la hewa litasoma nyuzi 6 hadi 12 kutegemea unyevu wa siku hiyo. Presha zote mbili zikiwa juu, gesi imezidi, au ndani mna hewa, au feni haifanyi kazi. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Ya chini ikipanda na ya juu ikishuka hadi zinakaribiana, kompresa haikandamizi, aidha imechoka au klachi haijashika. Ya chini ikizama hadi karibu sifuri, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye valvu. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la hewa nilinunua cha kwangu, na nakipendekeza kwa kila mtu. Hisia za mkono hubishaniwa, namba haibishaniwi.

Ikiwa ni uvujaji kweli

Njia za kuutafuta hazilingani. Povu la sabuni ni rahisi na linafaa maungio unayoyaona, lakini haliwezi kufika kwenye evaporeta iliyozikwa nyuma ya dashibodi. Vakyumu, ambayo mafundi wengi huitumia kama ushahidi ("imekaa nusu saa haijashuka, haivuji"), ni ushahidi dhaifu: inavuta kwa nguvu ya psi 14 na ushee tu, na inazivuta oringi kuelekea ndani, wakati presha ya kazi inazisukuma nje kwa psi 200. Vakyumu kazi yake ni kukausha unyevu, na kwa hilo dakika 30 ndiyo chini kabisa.

Mimi nikiwa na pesa ya njia moja nachagua rangi ya kung'aa. Inachanganywa na oili, unaendesha gari wiki moja au mbili, kisha fundi anapita na taa ya zambarau usiku na kila panapovuja panawaka kijani. Inafaa sana uvujaji wa polepole ambao siku ya gereji hauonekani. Kwa mfumo ambao tayari ni mtupu, naitrojeni kavu ni bora zaidi: inajazwa, inaachwa, geji inaangaliwa, na sauti au povu vinaonyesha tundu. Usikubali mtu ajaribu mfumo kwa upepo wa mashine ya matairi. Upepo huo una maji, na R134a ikichanganyika na hewa iliyobanwa inaweza kushika moto. Oksijeni ya kuchomelea ndiyo usiisogeze kabisa; oksijeni na oili hulipuka.

Evaporeta ikithibitika kutoboka, jiandae: dashibodi inashuka nzima kwenye magari mengi, na kazi ndiyo ghali kuliko kifaa. Hapo chagua kifaa kipya hata kama mtumba ni nusu ya bei, kwa sababu hutaki kushusha dashibodi mara mbili.

Kompresa: ya mtumba, mpya, au kuifufua uliyonayo

Watu wengi huambiwa wabadili kompresa wakati kilichokufa ni klachi, koili au beringi ya puli. Kelele ya mluzi au mkwaruzo inayosikika hata AC ikiwa imezimwa mara nyingi ni beringi ya puli, siyo kompresa. Vitu hivyo vinabadilika bila kufungua gesi kwenye magari mengi ambayo kompresa inafikika. Koili inapimwa kwa mita: nyingi za volti 12 zinasoma ohmu 3 hadi 5, ikisoma hakuna kitu, imekatika. Kwa hiyo kufufua ndilo chaguo la kwanza kila mara ambapo kompresa yenyewe inakandamiza. Ila oringi ya shafti ikianza kuvuja oili mbele, ufufuaji wake unategemea sana mkono wa fundi, na wengi hawana vifaa vyake.

Ya mtumba, ile inayoshushwa na injini kutoka Japani, ndiyo inayochaguliwa na wengi wetu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani hapa Dar, kama wenzetu wa Nairobi wanavyoenda Kirinyaga Road. Sina ubaya nayo. Kompresa ya asili iliyotumika miaka kadhaa kwenye nchi ya baridi inaweza kuishi kuliko mpya ya bei ya kutupa isiyo na jina. Lakini inunue kwa macho. Matundu yake ya mabomba yawe yamezibwa. Yakiwa wazi, unyevu wa pwani umeshaingia. Zungusha sahani ya mbele kwa mkono: inatakiwa izunguke kwa ulaini, yenye ukinzani kidogo, bila kukwama wala mchanga. Chovya kidole kwenye tundu uangalie oili. Safi au ya manjano, endelea. Nyeusi, au yenye vimulimuli vya fedha, irudishe mezani hata kama muuzaji anakuapia. Hesabu mifereji ya puli na ulinganishe plagi kabla ya kulipa, na uombe maandishi ya kuirudisha ndani ya siku saba.

Mpya ya asili ni ghali mara kadhaa, na inastahili bei yake kwa gari utakalokaa nalo. Mpya isiyo ya asili ndiyo bahati nasibu. Nimeona zilizodumu, nimeona zilizopiga kelele wiki ya pili.

Yoyote utakayochagua, kuna jambo linalopuuzwa linaloua kompresa mpya kuliko ubora wake. Kama ya zamani ilisagika ndani, vumbi lake la chuma limeenea mfumo mzima. Draya, kile kichujio kinachonasa unyevu, inabadilishwa, valvu ya ekspansheni inabadilishwa, mabomba yanasafishwa, na kondensa za kisasa zenye vijibomba vyembamba kama sindano hazisafishiki vizuri, kwa hiyo nayo ni ya kubadili. Fundi akifunga kompresa mpya na kuacha vingine vyote, unga ule utaingia kwenye kompresa mpya siku hiyo hiyo. Kama bajeti inatosha kompresa ya asili peke yake au kompresa ya mtumba pamoja na draya, valvu na kondensa, chukua seti ya pili bila kusita.

Fundi wa kijiweni au gereji yenye mashine

Nilidhani tofauti ni mashine. Sivyo. Gereji yenye mashine ya kutoa, kupima na kujaza gesi ina faida kubwa ya gramu sahihi, na gesi yako ya zamani haipulizwi hewani. Lakini mashine haijui kwa nini klachi haishiki ikipata moto. Wa kijiweni mwenye mizani ndogo ya jikoni chini ya mtungi, mita ya umeme na subira ya kungoja gari ligome atakusaidia zaidi. Swali langu la kumpima sasa ni moja: "Gari hili linabeba gramu ngapi?" Anayekwenda kusoma stika, nakaa. Anayesema "tunajaza hadi ipoe", nashukuru nakwenda.

Angalia pia unachojaziwa. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa gesi bandia iliyochanganywa na kloridi ya methili, kemikali inayoshambuliana na alumini. Na AC ya gari lako imejaa alumini. Mtungi uwe na lebo, na bei isiwe ya kushangaza. Gesi zilizotengenezwa kwa propani na butani zinapoza kweli, lakini ni zile zile zinazowaka jikoni, na evaporeta ikivuja zinaingia mahali mtoto amekaa. Kwangu hilo halina mjadala.

Magari mapya kidogo yanakuja na gesi nyingine, R1234yf, yenye vichwa tofauti vya kujazia na bei kubwa zaidi. Usikubali ichanganywe na R134a. Mabadiliko haya hayatarudi nyuma: makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016 yanapunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la R134a, ambayo kilo moja yake inapasha joto dunia mara 1,430 ya kilo moja ya hewa ya ukaa.

Mwenye haibridi ana sheria yake. Mara nyingi kompresa yake haina klachi. Inaendeshwa na umeme mkubwa unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa, na inataka oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya PAG ikiingia humo inaharibu kinga ya umeme, na kompresa hiyo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote nilivyotaja. Kama fundi hajui jina la oili ya haibridi yako bila kukisia, asiguse hata valvu ya kujazia.

Gari langu sasa lina mwaka na miezi kadhaa tangu ile washa itoke. Kipimajoto kiko kwenye tundu la katikati. Binti yangu ndiye anayekisoma kwa sauti tukiwa Buguruni, na leo asubuhi kilisema tisa.